Usiku bila usingizi, mchana bila jasho: Mtego wa kisukari Nakuru

Na MWANDISHI WETU

WATU wengi wenye kisukari huikumbuka siku daktari alipowaambia kwamba sukari yao imepanda. Baadhi yao huikumbuka hata rangi ya benchi walilokalia. Lakini usiku wa kwanza walioamka mara nne kwenda msalani ni nadra kukumbukwa, ilhali mara nyingi usiku huo ndio uliotangulia.

Mwanzoni mtu husingizia chai ya jioni. Baadaye husingizia baridi ya Nakuru, kisha umri, kisha mawazo ya karo ya shule. Mchana anasinzia dukani. Ndani ya matatu anapitishwa kituo chake. Jioni akifika nyumbani hana nguvu za kufanya lolote ila kuketi mbele ya televisheni, na watu wa nyumbani humwonea huruma: mwacheni Baba apumzike, amechoka. Huruma hiyo ina ubaya wake, na tutaifikia.

Habari za chakula cha mwenye kisukari zimeenea kila mahali. Hata mtoto wa darasa la sita atakuambia kwamba Nyanya hapaswi kutiliwa sukari kwenye chai. Mambo mawili mengine, usingizi na jasho, hayazungumzwi sana. Mgonjwa hulalamika kuhusu miguu, macho na bei ya dawa. Kwamba halali usiku huliona kama jambo la nyumbani lisilomhusu daktari. Naye daktari, akiwa na foleni inayofika mlangoni, haulizi.

Nakuru yapimwa

Nakuru si mahali pa kubahatisha kuhusu ugonjwa huu. Kati ya 2007 na 2008, kundi la watafiti likiongozwa na daktari wa macho Wanjiku Mathenge, likishirikiana na chuo cha afya ya umma na magonjwa ya nchi za joto cha London, lilizunguka iliyokuwa Wilaya ya Nakuru, mjini na mashambani, likiwapima watu wa umri wa miaka 50 na zaidi. Nia kubwa ilikuwa macho, lakini walipima pia shinikizo la damu, uzito, mafuta ya damu na sukari. Matokeo ya watu 4,396 yalichapishwa 2010. Nusu yao walikuwa na shinikizo la juu la damu. Watu 13 kwa kila 100 walikuwa wanene kupita kiasi. Waliokuwa na kisukari walikuwa 6.6 kwa kila 100, na wakazi wa mjini walizidi wale wa mashambani.

Zaidi ya theluthi moja ya wenye kisukari waliochunguzwa macho katika utafiti huo walikuwa tayari na madhara ya sukari kwenye ukuta wa nyuma wa jicho. Madhara kama hayo huchukua miaka kujengeka. Kwa maneno mengine, ugonjwa ulikuwa umekaa nyumbani kwao kwa muda mrefu kabla ya mgeni mwenye vyombo vya kupimia kubisha hodi.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 uliwahusu watu wa umri wa miaka 18 hadi 69. Humo kisukari kilionekana kwa takriban watu wawili kwa kila 100, na wengi mno walisema hawajapimwa sukari hata siku moja. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba Wakenya ambao hawautumii mwili wao kiasi kinachotakiwa walikuwa 6.5 tu kwa kila 100. Kwa taifa zima sisi si watu wavivu. Tunalima, tunachota maji, tunatembea.

Lakini wastani wa taifa ni kama blanketi fupi. Likifunika kichwa, miguu hubaki nje. Mkulima wa Subukia na karani wa Nakuru wamehesabiwa pamoja. Mkulima yule hupanda na kushuka mteremko tangu alfajiri. Karani huchukua bodaboda mlangoni kwake, huingia kwenye matatu, huketi ofisini saa nane, kisha hurudi vivyo hivyo. Nakuru ilipandishwa hadhi na kuwa jiji mnamo Desemba 1, 2021, lakini kwa miguu ya wakazi wake ilikuwa jiji zamani. Mwenye duka husimama nyuma ya kaunta kutwa nzima na kuamini kwamba amefanya kazi ngumu. Amechoka, ni kweli, ila misuli yake haikufanya kazi.

Na haya yanatokea katika Bonde la Ufa, nchi ambayo dunia nzima huitaja inapozungumzia wakimbiaji, na katika mji uliohusishwa kwa miaka mingi na bondia Philip Waruinge, aliyeletea Kenya nishani ya shaba Mexico 1968 na ya fedha Munich 1972. Nishani za wengine hazishushi sukari ya mtu.

Figo hazilali

Kwa nini sukari imwamshe mtu usiku? Figo huchuja damu na kuirudisha sukari mwilini. Kazi hiyo ina kikomo. Sukari ikizidi takriban milimoli 10 kwa kila lita ya damu, figo hushindwa kuirudisha yote, na inayobaki hutoka na mkojo. Sukari haitoki peke yake bali huvuta maji. Kibofu hujaa, mtu huamka. Maji yakipungua mwilini kiu hushika, mtu hunywa, kibofu hujaa tena.

Katika nyumba yenye msala ndani, hiyo ni kero tu. Katika ploti za Kaptembwa au Rhonda, ambako vyumba kumi hutumia choo kimoja uani, ni jambo jingine. Mama wa miaka sitini huvaa leso, huwasha tochi ya simu, hufungua kufuli na kutoka gizani saa nane za usiku, macho yake yenyewe hayaoni vizuri. Baadhi huacha kunywa maji kuanzia adhuhuri ili wasitoke usiku. Hilo ni kosa, kwa maana mwenye sukari ya juu asiyekunywa maji hukauka na damu yake huzidi kuwa nzito kwa sukari. Afadhali kunywa vizuri mchana na kupunguza saa mbili za mwisho kabla ya kulala, na kuweka ndoo yenye kifuniko chumbani bila kuona haya. Kuteleza uani na kuvunja nyonga ni aibu ghali zaidi.

Wapo pia wanaoamshwa na miguu. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu, kuanzia ile mirefu zaidi, yaani ya nyayoni. Mchana mtu huwa na shughuli na hasikii sana. Usiku, nyumba ikitulia, nyayo huwaka kama zimekanyaga makaa, huchoma kama sindano, na hata uzito wa shuka huuma. Wengine huamua kuziloweka katika maji moto au kuziweka karibu na jiko. Tahadhari, msomaji! Nyayo hizo hizo zinazowaka huwa zimepoteza uwezo wa kupima joto, na mtu anaweza kuungua asijue hadi aone lengelenge asubuhi. Maumivu haya yana dawa zake, na aliyemeza metformini kwa miaka mingi anastahili pia kuuliza kuhusu vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo, ijapokuwa nzuri, huweza kuipunguza, na upungufu wake huathiri mishipa ile ile.

Dawa nyingine huvuruga usiku kwa sababu tu zimemezwa saa isiyofaa. Wengi wenye kisukari wana shinikizo la damu pia, na hupewa tembe za kupunguza maji mwilini. Ukimeza tembe hiyo jioni, umejiandikia mwenyewe safari za usiku. Muulize daktari kama unaweza kuihamishia asubuhi.

Kukosa usingizi nako hupandisha sukari

Hadi hapa tumesema sukari huharibu usingizi. Kinyume chake nacho ni kweli, na hapa ndipo mtego unapojifunga.

Mnamo 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, walichapisha jaribio dogo lililotikisa fani hiyo. Waliwachukua vijana 11 wanaume, wazima kabisa, wakawaruhusu kulala saa nne tu kwa usiku sita mfululizo. Baada ya siku hizo chache, miili ya vijana hao ilikuwa ikiondoa sukari kwenye damu polepole, karibu kama miili ya watu wanaoelekea kupata kisukari. Walipolala vya kutosha walirejea hali yao.

Wenzao wa chuo hicho hicho walifanya jingine 2008. Safari hii hawakuwapunguzia watu tisa saa za kulala. Waliwatolea sauti kila walipozama katika usingizi mzito, kiasi cha kuwatoa humo bila kuwaamsha. Baada ya usiku tatu, uwezo wa miili yao kuitikia insulini ulikuwa umeshuka kwa takriban robo. Anayelala juu ya baa inayopiga muziki hadi alfajiri, au kando ya barabara kuu ambako malori hubadilisha gia usiku kucha, ana haki ya kulitafakari jaribio hilo. Yeye husema amelala saa nane. Mwili wake haukubali.

Sababu zinafahamika kwa kiasi kikubwa. Mwili uliokosa usingizi hujiona uko hatarini. Homoni za msukosuko hupanda, ini humwaga sukari, insulini hupuuzwa. Njaa nayo huongezeka, na si njaa ya sukuma wiki. Mtu aliyekesha hutamani mandazi, chipsi na soda. Zaidi ya yote hukosa hamu ya kusogeza mwili. Basi anaketi, sukari inapanda, usiku anaamka kukojoa, kesho yake amechoka zaidi. Gurudumu hilo laweza kuzunguka kwa miaka huku dawa zikiongezwa kila kliniki.

Wafanyakazi wa zamu za usiku wamo katika gurudumu hilo kwa amri ya ratiba: mlinzi wa lango, muuguzi wa wodi, wahudumu wa mitambo ya mvuke Olkaria. Hawawezi kuambiwa walale saa nne usiku. Wanachoweza kufanya ni kulala mchana katika chumba chenye pazia zito, simu ikiwa imezimwa, jamaa wakiheshimu usingizi huo kama wanavyouheshimu ule wa usiku; na kumweleza daktari waziwazi kuhusu zamu zao, kwa kuwa saa za kumeza dawa na kudunga insulini hupangwa kufuata saa za kula.

Koo linapoziba

Kukoroma hutuchekesha. Watoto humwigiza baba yao, mama huhamia chumba cha wasichana, na mambo huishia hapo. Lakini kuna mkoromo usiochekesha: ule unaopanda, unapanda, kisha unakatika ghafla. Kimya. Sekunde kumi, ishirini, wakati mwingine zaidi. Halafu mtu hushtuka, huvuta pumzi kwa kishindo kama aliyeibuka kutoka majini, na kuanza tena.

Koo lake limeziba usingizini. Kila linapoziba, hewa ya oksijeni hupungua katika damu, ubongo hupiga kengele, moyo huenda mbio. Yeye hakumbuki lolote asubuhi isipokuwa kichwa kinamuuma na mdomo umekauka. Mwenye habari kamili ni anayelala kando yake, ndiyo maana mke au mume anapaswa kuandamana na mgonjwa kliniki angalau mara moja.

Tatizo hili na kisukari cha aina ya pili ni marafiki wa karibu mno. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2009 uliwapima usingizini watu 306 wanene wenye kisukari hicho. Zaidi ya 86 kwa kila 100 walikuwa na koo linaloziba, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa. Hao walikuwa wanene wote, kwa hiyo tusiwatwike hesabu hiyo wagonjwa wote wa Nakuru. Dalili za kutilia maanani ni kukoroma kwa nguvu, kukatika pumzi kunakoshuhudiwa na mwingine, kusinzia mchana, shinikizo la damu lisilotii dawa, na shingo nene. Mwanamume ambaye shingo yake inazidi sentimita 40 hahitaji mashine kubwa kumtahadharisha. Kola ya shati yake inatosha.

Fikiria sasa kwamba mtu huyo ni dereva wa lori. Anapumzika Salgaa saa chache, analala nusu ameketi, koo likiziba mara kadhaa kila saa, kisha alfajiri anaukabili mteremko ambao Wakenya wote wanaujua kwa jina. Ili asisinzie anatafuna miraa au muguka. Akifika Nakuru usingizi umemkimbia kabisa, na usiku unaofuata pia. Tunapohesabu ajali za barabara ile huwa tunazungumzia breki, mwendo wa kasi na ulevi. Koo la dereva halijaingia katika mazungumzo hayo, na nadhani lingefaa kuingia.

Mashine za kusukuma hewa puani usiku zipo, ila ni ghali, na vipimo vyenyewe vya usingizi havipatikani katika kila hospitali. Yapo hata hivyo mambo yasiyohitaji umeme: kulala ubavu badala ya chali, kuacha pombe saa za jioni, kupunguza uzito. Jingine ni mazoezi. Imeonekana kwamba mazoezi ya kawaida hupunguza ukali wa tatizo hili hata pale ambapo mizani haijashuka sana.

Msuli una njaa

Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu bila kungojea insulini iusihi. Huu ndio ukweli ambao laiti ungebandikwa katika kila chumba cha kungojea daktari. Katika kisukari cha aina ya pili insulini huwa ipo, angalau miaka ya mwanzo, ila mlango wa seli umekaza na haufunguki kwa ufunguo huo. Mtu anapotembea, msuli hufungua mlango wa nyuma. Faida hiyo hubaki kwa siku moja hadi mbili hivi, kisha huisha, na ndiyo sababu ya ushauri kwamba zisipite siku mbili mfululizo bila zoezi. Anayekaa Jumatatu hadi Ijumaa na kukimbia Jumamosi anaikosa faida hiyo siku nyingi za wiki.

Kiasi kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule unaokuruhusu kuzungumza na mwenzako, lakini ukijaribu kuimba pumzi inakukatikia. Ongeza siku mbili au tatu za kutumia nguvu: kubeba mitungi ya maji, kupanda ngazi, au kuinuka kitini mara kumi bila kujishikilia. Anayelima shamba lake Njoro au kufua nguo za familia nzima kwa mikono amekwisha timiza sehemu kubwa ya hayo. Asidanganywe kwamba zoezi ni lazima livaliwe viatu vya bei.

Kuna jaribio moja ambalo lafaa sana kwa familia za mjini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, walilichapisha 2016. Watu wazima 41 wenye kisukari cha aina ya pili walitembea nusu saa kwa siku, wakati wowote waliotaka, kwa wiki mbili. Kisha kwa wiki nyingine mbili wakatembea dakika kumi kumi baada ya kila mlo mkuu. Jumla ya dakika ilikuwa ile ile. Lakini walipotembea baada ya kula, sukari ya baada ya mlo ilishuka kwa asilimia 12 zaidi, na baada ya mlo wa jioni kwa asilimia 22.

Mlo wa jioni ndio mzito zaidi katika nyumba zetu. Ugali wa saa mbili na nusu za usiku, kisha kochi, kisha kitanda. Sukari hupanda mtu akiwa ameketi na hubaki juu akiwa amelala, na tumeshaona figo hufanya nini nayo. Dakika kumi za kutembea baada ya ugali huo huugusa mchana na usiku kwa pamoja. Kama nje si salama, na mitaa mingi ya Nakuru si ya kutembea peke yako usiku, basi zunguka ndani ya ua, panda na kushuka ngazi za ghorofa, au osha vyombo umesimama na kupiga deki jikoni. Akina baba, hapo mmeonyeshwa njia. Kuosha vyombo ni dawa.

Wakati wa mchana mji huu una neema zake. Kuna Nyayo Gardens katikati ya mji, barabara zenye kivuli za Milimani, na mwinuko wa kuelekea Menengai kwa mwenye mapafu na kampani. Ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru usijaribu. Faru na nyati hawajasikia habari za kisukari. Anayefanya kazi ofisini ainuke kila nusu saa, hata kama ni kwenda kuchungulia dirishani. Anayepanda matatu ashuke kituo kimoja mapema.

Huruma ya nyumbani

Tuirudie ile huruma. Chukua mfano wa mwalimu mstaafu wa Section 58 aliyepatikana na kisukari. Wanawe wanampenda. Kijana anamkataza kuchota maji, binti anamwajiria msichana wa kazi, mjukuu anatumwa dukani badala yake. Gazeti analetewa, chai analetewa, hata kiti anasogezewa. Mchana analala saa tatu kwa kuwa hana la kufanya. Usiku macho makavu. Baada ya mwaka mmoja sukari iko juu kuliko alipostaafu, na familia inashangaa kwa sababu Mzee hajala kitu kibaya.

Mzee amenyang'anywa kazi kwa upendo. Mwacheni aende dukani. Mwacheni apalilie mboga. Usingizi wa mchana ukimzidi, uwe wa dakika ishirini au thelathini, na uwe kabla ya saa tisa alasiri. Mtu aliyechoka kwa kazi ya mwili hulala kwa urahisi kuliko aliyechoka kwa kukaa.

Hata hivyo isiwe kwamba kila mgonjwa anakurupuka kesho na kuanza kukimbia. Mwenye maumivu ya kifua anapotembea, mwenye kidonda mguuni, au aliyeambiwa macho yake yamevuja damu ndani, amwone daktari kwanza. Anayetumia insulini au tembe kama glibenklamaidi ajue kwamba zoezi huendelea kushusha sukari saa nyingi baada ya kumalizika, hata usiku akiwa amelala. Jasho jingi usiku, ndoto za kutisha na kichwa kuuma asubuhi ni dalili za sukari kushuka kupita kiasi. Akipima akute iko chini ya milimoli 4, anywe nusu glasi ya soda ya kawaida, isiyo ile isiyo na sukari, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari katika maji, kisha apime tena baada ya dakika 15. Peremende chache mfukoni wakati wa matembezi si ulafi. Pombe ya jioni pamoja na dawa hizo ni hatari maradufu, kwani ini linaloshughulikia pombe husahau kutoa sukari.

Viatu navyo. Soko la mitumba lina raba nzuri, ila kabla ya kuvaa tia mkono ndani utafute msumari, kokoto au mshono uliokunjamana. Vaa na soksi. Jioni kagua nyayo, na kama huzioni vizuri mwombe mjukuu. Watoto hupenda kazi hiyo, na macho yao hayakosi kitu.

Anayetaka kujua kama haya yote yanamsaidia anahitaji daftari la shule la kurasa 32. Kwa wiki mbili aandike kila asubuhi saa aliyolala, mara alizoamka na kilichomwamsha, kama ni mkojo, miguu, jasho au mawazo. Na sukari ya kabla ya chai, kama ana kijimashine. Jioni aandike dakika alizotembea. Anayelala naye aongeze mstari mmoja kuhusu mkoromo. Daftari hilo aende nalo kliniki, iwe ni zahanati ya mtaani au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, ambayo wakazi wengi bado huiita PGH, na aliweke mezani mbele ya daktari kabla hajaulizwa amekula nini.